Nahodha Junaid na Mashine ya Akiba

Jumatatu, 18 Agosti

Siku njema! Nimepigiwa simu na Bi. Rispa, karani mkuu wa kampuni moja ya mizigo huko Changamwe. Wafanyakazi kumi na wawili wa ofisi yake wanataka kupelekwa nje ya miamba kutazama nyangumi. Jumamosi ya tarehe thelathini. Msimu wenyewe ndio huu, nyangumi wanapita na watoto wao. Wakifurahi, watakuja kila mwaka. Kila mwaka! Nilikuwa nimeshaanza kuichagulia boti yangu *Hakika* rangi mpya.

Kisha akaharibu. Akasema anazungumza pia na Kaviha.

Kaviha! Alikuwa baharia wangu miaka minne hapa hapa Mtongwe. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba. (Alikuwa anajua. Nilimfundisha tena.) Sasa ana boti yake mwenyewe, *Taratibu*, yenye mashine mbili nyuma. Kila asubuhi akipita barazani kwangu hupunguza mwendo, huinamisha kichwa, husema, "Shikamoo, nahodha." Adabu tupu. Sijapata kudharauliwa namna hii.

Bi. Rispa atachukua boti yenye cheti. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Nimeisoma orodha ya vinavyotakiwa: jaketi la kuokolea kwa kila abiria, mashine ya akiba, redio ya mawasiliano, fataki za kuomba msaada, dira, nanga, sanduku la dawa, na karatasi ya safari, ambayo huachiwa mtu wa nchi kavu ajue mmekwenda wapi na mnarudi lini. Ndefu kuliko orodha ya posa.

*Hakika* ina nanga. Na ina mimi. Miaka ishirini na sita baharini, sijazama hata mara moja. Ile ya ufuo wa Shelly haihesabiwi, maji yalikuwa ya kifuani.

Jumanne, 19 Agosti

Majaketi ya dukani ni ya watu wasioweza kubuni. Nimekwenda soko la Kongowea, nimerudi na visibao kumi na vitatu vya reflekta, vile vya watu wa bodaboda. Rangi ni ile ile. Ukisimama mbali kidogo huoni tofauti. Kilichokosekana ni kitu cha ndani cha kuelea.

Ruwaida, mke wangu, ni fundi cherehani. Nimemwomba avishonee mifuko. Akauliza mifuko ya kutia nini. Nikamwambia sponji. Akauliza kama sponji inaelea. Nikamwambia, Ruwaida, kila mtu anajua sponji inaelea. Akauliza sponji yenyewe itatoka wapi. Hapo nikakumbuka kuwa nina shughuli ufuoni.

Imetoka kwenye godoro la wageni. Hatuna wageni.

Baadaye: Kumbe tunao. Mama mkwe anakuja Ijumaa.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya majaribio. Erastus, fundi wangu wa mashine, alikataa kuwa wa kwanza. Erastus ni mtu wa Busia, alikuja Changamwe kufanya kazi kiwandani, akaishia Mtongwe kwangu. Mikono yake ni ya dhahabu lakini hajui kuogelea, na maji yakipita magoti huanza kuomba. Nikamweleza kwamba ndiyo maana anafaa. Akasema, "Zii, boss." Nikavaa mwenyewe.

Sekunde kumi za kwanza: mafanikio makubwa! Niliwapungia mkono watu waliosimama penye gati ya zamani. Sekunde ya ishirini sponji ikaanza kunywa. Godoro likilowa lina uzito wa mtu mzima, na mtu mzima huyo alikuwa amenikumbatia shingoni. Kaviha ndiye aliyeniopoa, kwa upondo wake. Hakucheka. Alisema, "Pole, nahodha," akanipa taulo. Nilitamani acheke.

Adhuhuri nikapata dawa. Chupa tupu za soda! Sita kwa kila kisibao. Ruwaida alikuwa ameshona mifuko mikubwa mgongoni, kwa hiyo nyingi zilikwenda mgongoni. Erastus akakubali kujaribu, maji ya kiunoni tu, nimshike mkono. Akaelea!

Kifudifudi. Mgongo wake ulikuwa salama kabisa. Nikamgeuza. Akajigeuza tena. Alipopata nafasi ya kusema, alisema maneno ya kwao ambayo sikuomba tafsiri yake.

Majaketi: tayari.

Alhamisi, 21 Agosti

Nitaandika bila kuongeza chumvi.

Mkaguzi ni mwanamke, Bi. Mercyline. Mpole, ana kalamu mbili. Nikamwuliza mbili za nini. Akasema moja ikikataa. Nikajua leo kuna kazi.

Alianza na *Taratibu*. Dakika kumi na tano. Kaviha alijibu kila swali kwa "ndiyo, madamu" na kila alichoulizwa alikitoa. Hakuna sanaa yoyote katika kuishi hivyo.

Akaja kwangu. Akashika kisibao. Kikalia kwaru-kwaru. Akatoa chupa, akasoma kibandiko chake, akairudisha mahali pake taratibu sana, kama anayefunika maiti. Akaandika.

Redio. Nilikuwa nimefunga ile ya gari la marehemu ami yangu. Inashika vizuri ajabu. Nikaiwasha, taarabu ikajaa boti nzima. Akaniambia nizungumze na nchi kavu. Nikamweleza kwamba hii ni ya kusikiliza, na kwamba shida ya mabaharia wa siku hizi ni kuzungumza sana. Akaandika.

Dira iko ndani ya simu yangu. Simu ilikuwa na asilimia tisa. Akaandika.

Ndipo akaitazama mashine ya akiba. Naomba nieleweke. Nilikuwa nimepata ganda la nje la mashine iliyokufa zamani, nikaling'arisha, nikalipigilia kwenye gogo la mti nyuma ya boti. Lilipendeza kuliko mashine ya kweli. Akasema niiwashe.

Nikamwambia, madamu, hii ni ya akiba. Tukianza kuiwasha ovyo haitakuwa ya akiba tena.

Akafunua. Ndani mlikuwa na gogo, na juu ya gogo, bakuli la Erastus. Chapati mbili na maharagwe. Nilimgeukia Erastus. Akasema hapo ndani panatunza joto.

Bi. Mercyline alifunika tena. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Bwana Junaid, mimi siandiki vitu hivi kwa sababu napenda kuandika. Kuna siku mashine itakataa. Siku hiyo utageuka nyuma, na utakuta chapati."

Nikaona niokoe hali kwa fataki. Zilibaki za sherehe ya mwaka mpya, bado kavu. Nikasema nimwonyeshe moja. Akasema hapana haja. Lakini kiberiti kilikuwa kimeshawaka. Haikupanda juu. Ilikwenda ubavuni, ikapita juu ya maji, ikaruka ua, ikalia ndani ya vichaka vya kambi ya wanamaji.

Wakafika dakika nne baadaye, askari wawili na mkubwa wao. Walikuwa na adabu. Walichukua fataki zote na jina langu.

Nilimwomba Bi. Mercyline aandike kwamba fataki zinaita msaada kwa dakika nne. Hakuandika.

*Taratibu*: cheti. *Hakika*: marufuku kubeba abiria mpaka ikaguliwe tena.

Ijumaa, 22 Agosti

Mama mkwe amefika. Aliuliza godoro liko wapi. Ruwaida akamjibu limekwenda baharini.

Amelala kwenye mkeka. Kila akijigeuza anaguna, na kila akiguna Ruwaida ananitazama.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimempigia Bi. Rispa kabla hajaamua. Nikamwambia amfikirie vizuri huyu Kaviha. Mtu anayebeba vitu vingi hivyo vya kuokolea, si anatarajia ajali? Mimi sibebi. Imani yangu na iwe ndiyo dhamana yake.

Kisha akauliza kama ninajua nyangumi walipo, kwa sababu Kaviha amemwambia ukweli kwamba hawezi kuahidi. Nikasema, "Bi. Rispa, nawajua kwa majina."

Akasema basi nimtumie picha. Akiona picha kabla ya Jumatatu jioni, atazungumza na wakubwa wake wasubiri cheti changu.

Picha! Hilo tu! Kesho natoka na Erastus. Bi. Mercyline alikataza abiria. Erastus si abiria, ni fundi.

Jumatatu, 25 Agosti

Jana sikuandika. Jana sikujua kama kuna leo.

Asubuhi ya Jumapili Ruwaida aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Utange, kuna mtu anauza masanduku ya kuhifadhia samaki. Ningemwambia baharini, angemwambia mke wa Kaviha pale kisimani, na Kaviha angenifuata na kamera. Erastus alikuwa amewaambia watu wa kwaya yake kwamba anaumwa tumbo. Kwa hiyo mmoja wetu alikuwa Utange, mwingine kitandani. Baharini hapakuwa na mtu.

Tukatoka saa mbili asubuhi. Tukapita kivuko, tukapita mnara wa taa, tukatoka nje ya miamba. Kusi, ule upepo wa kusini, ilikuwa imelegea kidogo lakini mawimbi yalikuwa marefu, yale ya kukuinua polepole na kukushusha polepole mpaka tumbo linabaki juu. Erastus alishika ubao kwa mikono miwili. Nilimwambia huo ndio utamu wa bahari kubwa.

Tulizunguka mpaka saa tano. Hakuna nyangumi. Mafuta yakapungua. Nikamwambia Erastus amimine ya mtungi wa akiba. Nilikuwa na mitungi miwili ya manjano, mmoja wa petroli na mmoja wa maji ya kunywa. Ilifanana. Niliinunua pamoja makusudi, kwa kupendeza.

Erastus akamimina maji kwenye tangi.

Mashine ikakohoa mara tatu, ikanyamaza. Kwa mpigo mmoja tukawa hatuna mafuta ya kuendea wala maji ya kunywa, na mtungi mmoja uliojaa petroli, ambayo haina kazi katika tangi lenye maji na haina ladha. Erastus akasema si neno, atafungua, atakausha, atarudisha. Wallahi angeweza. Akafungua plagi ya kwanza, wimbi likatuinua, plagi ikamponyoka. Tuliitazama ikizama. Ilimetameta kwa muda mrefu.

Nikasema nitie nanga tusichukuliwe na mkondo. Nikaitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Kamba ikakimbia, ikakimbia, ikaisha, ikaifuata nanga. Sikuwa nimefunga mwisho wake. Mimi, niliyemfundisha Kaviha kufunga kamba.

Nikageuka nyuma. Nakiri. Niligeuka nyuma kutazama ile mashine ya akiba iliyong'aa. Safari hii hamkuwa hata na chapati.

Mkondo ukatuchukua kaskazini. Mahoteli ya Nyali yakawa madogo kama viberiti, yakaanza kupita. Tulivaa visibao vyetu vya chupa, tukakaa tukilia kwaru-kwaru kila wimbi lilipotupiga. Nilijaribu simu. Asilimia nne, na hakuna mtandao.

Ndipo alipotokea.

Kwanza pumzi. Sauti kama mlango mkubwa unaofunguliwa. Kisha mgongo mweusi ukainuka hatua kumi kutoka kwetu, ukaendelea kuinuka, haukwisha. Pembeni yake mtoto, amemgandama mama yake ubavuni. Mvuke wa pumzi ile ukatuangukia usoni, una harufu ya samaki. Nikashika simu, nikabonyeza. Simu ikazimika mkononi.

Sikukasirika. Sijui kwa nini. Mama yule alipita chini ya boti yetu, tukaona weupe wa ubawa wake ndani ya maji ya kijani, mkubwa kuliko *Hakika* yote, na hakutugusa. Erastus alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa natoa shahada. Wakaenda zao. Bahari ikabaki tupu kuliko ilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kifo ninakijua, kila baharia anakijua, kinakaa nasi. Nilichoogopa ni Utange. Nilimwona Ruwaida akiteremka barabara ya Malindi na buibui lake jeusi, anauliza duka hadi duka, je, mmemwona mume wangu, alikuja kutazama masanduku ya samaki. Na watu wanamwambia hapana, mama. Na yeye anakwenda duka la mbele. Wiki, mwezi. Hata kaburi langu angekwenda kulitafuta upande usio wake.

Nililia. Erastus alijifanya anatazama mashine.

Saa tisa na nusu, ngurumo. *Taratibu*! Kaviha nyuma, amesimama, redio mkononi, anampa mtu wa nchi kavu habari zetu. Na mbele, amekaa wima, amevaa jaketi la kuokolea la kweli juu ya buibui, Ruwaida.

Alinirushia jaketi, likanipiga kifuani.

"Vaa," akasema.

Nikasema, Ruwaida, mke wangu...

"Vaa, Junaid."

Nikavaa.

Kumbe saa saba alikuwa amekwenda uani kuanika nguo, akaona mashine ya *Hakika* haipo pale ninapoilaza. Mtu haendi Utange na mashine ya boti begani. Akaenda moja kwa moja kwa Kaviha. Kaviha hakuuliza maswali. Alipiga redio kwanza, akahesabu saa, akatazama upepo, akasema mkondo utakuwa umewachukua upande wa Shanzu. Akatukuta kilomita mbili kutoka pale alipotaja.

Njiani mashine yake moja ilivuta mfuko wa plastiki, ikazimika. Akawasha ya pili, akaendelea. Ruwaida anasema hata hakubadilika uso.

Nimeliandika hili kwa sababu Bi. Rispa anapaswa kujua kwamba mashine moja ya Kaviha ina hitilafu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimelala mchana kutwa. Ngozi ya pua imebanduka.

Ruwaida amezungumza asubuhi, mara moja tu. Alisema angeweza kuwa mjane, hilo analijua tangu siku aliyoolewa na baharia. Lakini ungenifanya mjane asiyejua pa kutazama, akasema. Kisha akarudi kwenye cherehani, nikasikia mguu wake haukanyagi.

Nikaenda nikakaa karibu naye. Nikamwahidi kwamba kila nikitoka nitasema ukweli niendako. Akaniambia niandike. Nikaandika kwenye karatasi, nikatia sahihi. Akaikunja, akaitia kwenye kopo la vifungo.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Mwanangu," akaniambia, "wewe bahari waijua, au wasikia ikisemwa?" Nimemnunulia godoro.

Jumatano, 27 Agosti

Wageni kutwa, wanakuja kutoa pole. Nimegundua kwamba nasimulia vizuri. Asubuhi nyangumi alikuwa hatua kumi. Baada ya adhuhuri alikuwa hatua tatu. Alasiri alinitazama. Jicho kubwa kama sinia la biriani, lenye huruma.

Erastus alipita wakati wa jicho. Akawaambia watu kwamba hakuona jicho, na kwamba mimi nililia. Nikawaeleza kuwa ni chumvi.

Baadaye akaniaga. Kaviha amempa kazi. Atakuwa na jaketi lake mwenyewe lenye filimbi, na Kaviha atamfundisha kuogelea kila Jumanne. Nikamuuliza, baada ya yote tuliyopitia pamoja? Akasema ndiyo, boss, ni kwa sababu hiyo hiyo.

Alhamisi, 28 Agosti

Bi. Rispa amechagua *Taratibu*. Nilimtajia habari ya mashine mbovu. Akasema Kaviha alikuwa ameshamweleza yeye mwenyewe, na kwamba ndipo alipoamua.

Sielewi biashara za siku hizi.

Alasiri Kaviha alikuja barazani. Nikakaza uso, nikijua amekuja kufurahi. Akaamkia, akakaa, akanywa kahawa. Kisha akasema angependa nifuatane nao Jumamosi niwaonyeshe wageni mahali nilipowaona yule nyangumi mama na mtoto wake, kwani yeye hajawahi kuwaona kwa karibu.

"Mimi niwe nani humo chomboni?" nikamuuliza.

"Nahodha mwalikwa," akasema. "Ila utavaa jaketi, na utakaa nitakapokuambia ukae."

Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria mpaka alipofika kwenye lango, nikamwita.

Jumamosi, 30 Agosti

Wageni kumi na wawili na Bi. Rispa, mwanamke mrefu mwenye kofia kubwa. Kabla hatujaondoka Kaviha alisoma karatasi ya safari kwa sauti, akamwachia Ruwaida. Kisha akasema ataonyesha jinsi ya kuvaa jaketi, na anahitaji mtu wa kuonyeshea. Akanitazama.

Nikasimama mbele ya watu kumi na watatu nikafungwa kamba kama mtoto wa chekechea. Nikageuzwa. Nikaambiwa nipulize filimbi. Nikapuliza. Walipiga makofi. Si vibaya, makofi.

Saa nne unusu tukawaona. Watatu! Mmoja akaruka mzima mzima, akaanguka, tukalowa sote. Mhasibu mmoja, mwanamume mnene aliyekuwa ametapika tangu kwenye mnara wa taa, alisimama akasahau kuugua. Kaviha alizima mashine, tukaelea kimya. Nilimtazama. Alikuwa ameweka mkono kifuani na mdomo wazi. Kwa dakika ile moja nilifurahi kuwa nilimfundisha kufunga kamba.

Tukirudi, wageni wakaniuliza kama ni kweli nilipotea. Nikawasimulia. Mtungi, plagi, nanga. Wakacheka mpaka wakashikana. Nilipofika habari ya Utange hawakucheka tena. Bi. Rispa alivua miwani akaifuta. Akasema kila mwaka ofisi yao huwa na siku ya mafunzo ya usalama, na kila mwaka mtu analala. Akaniomba nije Changamwe mwezi ujao niwazungumzie nusu saa juu ya makosa niliyofanya.

Mimi! Mkufunzi!

Jumapili, 31 Agosti

Sikupata usingizi wa alasiri kwa mawazo. Nusu saa ya maneno haitoshi. Watu hawajifunzi kwa maneno, mimi mwenyewe ni shahidi. Wanahitaji vitendo.

Nyuma ya kiwanda kimoja Changamwe nimeona mapipa manane ya plastiki yaliyotupwa. Nitayafunga pamoja, niweke mbao juu, niwe na chelezo cha kufundishia. Nitawapandisha ofisi nzima, watu thelathini na watano, niwapeleke katikati ya maji, kisha nifungue fundo moja bila kuwaambia. Chelezo kitaanza kuachana polepole, na hapo kila mtu atagundua utulivu wake wa ndani. Wasiojua kuogelea nitawaweka katikati, ndiko kunakoachana mwisho. Vyeti nimeshaanza kuvichora. Juu nimeweka picha yangu.

Bi. Mercyline sitamsumbua, ana kazi nyingi. Kaviha asijue mpaka siku yenyewe, atataka kuongeza vitu. Erastus nilimtumia ujumbe nikimwomba awe msaidizi wangu. Alijibu herufi tatu.

Ruwaida sikumficha, kwani niliahidi. Nilimsomea mpango wote, mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza, sindano mdomoni. Kisha akauliza nitafanya nini chelezo kikiachana kabla sijafungua fundo.

Nikamwambia hakitaachana.

Akauliza, na kikiachana?

Nimeshangaa kweli. Mwanamke mwenye akili kama huyu! Nikavuta kiti, nikamweleza kwa upole, kama mkufunzi, kwamba mipango ya akiba ni ya watu ambao mpango wao wa kwanza una kasoro.